Siku Tisa za Mzee Ngazi

3 Machi

Kwa Babu mdogo,

Shikamoo. Habari za huko, na habari za ule mguu unaokusumbua kila mawingu yakitanda? Sisi huku tunajikongoja. Baba amerudi kwenye lori lake la maziwa. Bibi anakula kwa kubembelezwa. Mimi bado niko kwenye karakana ya meno ya bandia, nachonga meno ya watu nisiowajua, na jioni nikifika nyumbani bado nataka kumwita Babu aone kazi ya siku hiyo, maana yeye hakuwa mtu wa kusifu ovyo. Akisema "yatatafuna," basi nimefaulu.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu siku ya mazishi tulipiga kelele sana kwenye simu, na wewe ukawa unaitikia tu "ndiyo, ndiyo," nikajua husikii kitu.

Acha nikueleze tulivyomzika kaka yako. Unajua alikuwa fundi wa lifti za hospitali kwa miaka thelathini na minane, lakini sina hakika kama unajua kwamba yeye mwenyewe hakuzipanda. Alipanda ngazi mpaka ghorofa ya saba, kopo la grisi mkononi, ndiyo maana kazini walimwita Mzee Ngazi. Ukimuuliza sababu, alisema akiwa ndani ya lifti husikia kila chuma kinachougua, hapati raha. Basi siku tuliyomzika, wauguzi wa zamu walipanda ngazi tangu asubuhi mpaka jioni. Mmoja alikuwa na mimba ya miezi minane. Alinionyesha miguu yake ilivyovimba, akasema ameona ni haki.

Miaka tisini na mmoja si mchezo. Nimepewa kazi ya kuandika maisha yake, yasomwe siku tutakapoweka jiwe la kaburi, mwishoni mwa mwaka. Ya huku nayajua. Ya huko umebaki wewe peke yako. Naomba unieleze alivyoondoka. Na swali jingine dogo: aliwahi kurudi huko, hata mara moja?

Bibi anakusalimu. Yaani hajasema, lakini nakusalimu kwa niaba yake.

Mjukuu wako


30 Machi

Kwa mke wangu wa ng'ambo,

Marahaba. Usishtuke kuitwa mke. Babu na mjukuu ni mtu na mkewe, na kaka alipofariki umebaki mikononi mwangu. Kama hunitaki dai talaka mapema. Mguu haujambo. Meno ndiyo hayapo. Yamebaki manne na hayaelewani. Ikiwa kazi yako ni hiyo, basi mumeo anakunywa uji huku wewe unawachongea wageni.

Barua hii ameichapa karani wa duka la jirani, maana mkono wangu siku hizi unatetemeka. Bahasha yako ilifika upande mmoja umefunuka. Sijui ni gundi au ni watu. Siku nyingine usifanye ubahili wa gundi.

Kaka aliondoka Jumatatu asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mimi kumi na minane. Baba yetu alikuwa ametuachia duka la kutengeneza saa na redio, meza mbili na benchi la wateja. Mimi nilikuwa nimepata nafasi katika chuo cha ualimu. Kaka akasema, "Nishikie duka na mama miaka miwili. Nikirudi, wewe utakwenda kusoma." Nikashika. Miaka miwili hiyo imekuwa sitini na minane na bado nimeshika. Hadi leo nafungua saa za watu, hata zile ndogo za kike, na mama nilimshika mpaka mwisho wake. Sisemi kwa ubaya. Wewe andika kwamba aliondoka na sanduku moja na kwamba alikuwa na sauti nzuri ya kuimba.

Kuhusu kurudi: hakurudi.

Sasa na mimi nikuulize. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza kama alirudi. Kwa nini leo? Nani kakutuma? Kama ni habari ya kiwanja cha duka, kiwanja ni cha baba yetu na karatasi ninazo mimi. Kama baba yako ameshamwona wakili, amwambie huyo wakili aje kwanza aone paa linavyovuja. Mtu haulizi njia kama hana safari, mjukuu wangu.

Mama alifariki zamani. Andika hivyo hivyo: zamani.

Babu yako mdogo


22 Aprili

Kwa Babu mdogo,

Shikamoo. Huku wazima kiasi. Lori la Baba limepasuka matairi mawili ndani ya wiki moja, na Bibi alikuwa na homa lakini imeachia. Kuhusu meno: nimekutia nta laini ndani ya bahasha. Ichovye kwenye maji ya uvuguvugu, ing'ate, ikikauka unirudishie. Gundi nimeweka ya kutosha.

Babu, hakuna anayetaka kiwanja. Baba hajui hata duka lenu linatazama upande gani. Lakini ni kweli nilikuwa na sababu ya kuuliza, na nilikuficha. Nadhani na wewe unanificha. Basi acha nianze mimi kufunua.

Wiki mbili baada ya mazishi, Bibi alikuwa akipanga sanduku la vifaa vya Babu. Chini kabisa, chini ya bisibisi, alikuta pasipoti ya zamani. Ina mihuri miwili ya nchi yenu, wa kuingia na wa kutoka, ya miaka ishirini na minane iliyopita. Kati yake ni siku tisa. Mwaka ule Babu alimwambia Bibi kwamba hospitali inampeleka mji mwingine kusomea lifti mpya. Bibi anakumbuka vizuri kwa sababu alirudi bila cheti, akamuuliza, naye akasema vyeti viliwaishia.

Pamoja na pasipoti palikuwa na ufunguo wa sanduku la posta upande wa pili wa mji. Hatukuwahi kulijua sanduku hilo. Na palikuwa na barua, zaidi ya mia. Zote zinaanza "Mwanangu" na zote zinaishia "Mama."

Bibi hasomi lugha yetu, lakini neno mama hata kipofu analijua. Nimemtafsiria nyingi. Umekula? Miguu inaumaje? Mvua zimechelewa. Zamani barua za mama yenu zilikuwa zinakuja hapa nyumbani na Bibi alizizoea. Lakini baada ya safari ile ya siku tisa, Babu alimwambia kwamba mama yake amefariki. Alikaa kwenye ngazi za nyumba siku mbili, hataki kuingia. Sasa hizi ni za nani? Ya mwisho ni ya Novemba iliyopita.

"Huyo mama ana miaka mia na kumi na mmoja," alisema Bibi, "na mistari yake imenyooka kuliko yako."

Anaamini kuna mwanamke huko, na kwamba neno hilo ni kificho walichopatana. Wameoana miaka hamsini na minane. Anatembea na pasipoti mfukoni mwa aproni yake, anapika nayo, anafua nayo. Babu, nisaidie. Wewe ulikuwa huko siku zile tisa.

Na jambo moja zaidi. Umesema mkono wako unatetemeka, ndiyo maana ukachapishiwa barua. Aya inayofuata unajisifu kwamba unafungua saa za kike. Ni mkono gani huo unaotetemekea kalamu na kuitulia bisibisi?

Mjukuu wako


10 Juni

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Huku wazima. Paa bado linavuja. Nta nimeing'ata, imo humu, usicheke utakachokiona.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa napima kama inafaa kujibu. Kaka yangu alikuwa mwanamume, aliishi mbali na kwao, na mwanamume akiwa mbali ana mambo yake. Kama palikuwa na mtu, palikuwa na mtu. Amekwisha kufa, wivu wa nini tena? Mwambie shemeji asamehe, jiwe liwekwe, watu walale. Mimi sijui lolote kuhusu barua wala sanduku la posta. Nilikuwa dukani.

Mkono ni wangu, na mimi ndiye ninayejua lini unatetemeka.

Usiniulize tena jambo hili. Uliza habari za utoto wetu, nitakujazia karatasi.

Babu yako mdogo

Karani amefunga mapema leo, bahasha nimeiandika mwenyewe.


1 Julai

Kwa Babu mdogo,

Shikamoo. Kwa miili hatujambo.

Nilimsomea Bibi barua yako. Nilipofika penye "kama palikuwa na mtu" nilitaka kuruka, akaniambia nisiruke, uso wangu anaujua. Nikasoma. Hakulia. Aliinuka, akaitoa picha ya Babu ukutani na kuitia kabatini nyuma ya mashuka. Kesho yake alikwenda mwenyewe kwa mchonga mawe, akamwambia afute maneno "mume wa." Tangu hapo anafukua kila kitu: zile zamu za Jumapili, viatu alivyokuwa aking'arisha, hata siku niliyozaliwa mimi, Babu alipochelewa kufika wodini saa mbili nzima huku kazi yake ikiwa ghorofa ya chini ya jengo lilelile. Ameanza na siku tisa, Babu mdogo. Sasa miaka hamsini na minane yote inaingia maji.

Niliichukua bahasha yako niitupe. Sikuitupa.

Herufi yako ya k ina mguu uliojikunja, kama mtu anayetafuta pa kukaa. Kazi yangu ni kulinganisha jino na jino. Nimezipanga bahasha kwenye meza ya karakana, chini ya taa, yako moja na za "Mama" arobaini. Nimetumia lenzi. Mkono ni mmoja.

Hakuna mwanamke. Ni wewe. Sijui kama siku ile ya bahasha ulisahau au ulichoka kujificha. Lakini umemwacha kaka yako aitwe mzinzi akiwa kaburini, hawezi kujitetea, na mkewe anamfuta kwenye jiwe. Kwa nini?

Sijamwambia Bibi. Nataka niambiwe na wewe kwanza, maana safari hii nikimpelekea habari nusu, sitaweza kumtazama.

Meno yako yamekwisha. Siyatumi mpaka unijibu.

Mjukuu wako


19 Agosti

Babu, shikamoo. Wiki saba sasa. Mchonga mawe ameuliza tena. Bibi amehamia chumbani kwangu, anasema kile cha kwao kina harufu ya uongo. Meno yako yako mezani yananitazama.


8 Septemba

Kwa mjukuu wangu,

Marahaba. Naandika kwa mkono wangu. Haujawahi kutetemeka hata siku moja. Ni mwandiko niliokuwa nauogopa. Huku wazima, paa limezibwa.

Umesema kweli. Mama ni mimi.

Mama yetu hakujua kusoma. Tangu kaka aondoke, mimi ndiye niliyemsomea barua zake na kumwandikia majibu. Yeye anasema, mimi naandika. Kaka aliandika "Mama mpendwa," kurasa nne, kurasa tano: lifti zake, ndoa yake, baba yako alipoota jino. Na mwisho kabisa, mstari mmoja: "Msalimie mdogo wangu." Kwa miaka thelathini na saba nilikuwa mstari mmoja. Ni mimi niliyeusoma kwa sauti kila mara, na mama akiniuliza, "Imekwisha?"

Mama alipofariki, nilikaa niandike habari ya msiba. Niliandika "Kaka," kalamu ikasimama. Nilijua akishapata habari, barua zitakoma. Angeniandikia nini mimi? Hakuwahi. Wiki ileile ikafika barua yake nyingine, nene, nikaisoma peke yangu mezani. Nikajibu kama mama. Nikajiambia nitamweleza kesho. Kesho hiyo ikawa miaka mitatu.

Alitambua vipi? Nafikiri ni kwa sababu nilimfanya mama awe mpole. Mama yetu, Mungu amrehemu, hakuwa mpole. Kila barua aliifunga kwa kumgombeza kaka. Mimi sikuweza kumgombeza mtu niliyekuwa namdanganya. Nadhani alisoma upole ule akaingiwa na wasiwasi, akafunga safari kimyakimya, aje aone kwa macho yake kabla ya kumtuhumu ndugu yake mbele za watu.

Basi asubuhi moja akaingia mteja amevaa kofia, ameshika saa ya mezani. Alipovua kofia nilimjua. Alikuwa na upara wa baba yetu. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa makaburini, na tarehe ya kifo cha mama iko juu ya kaburi, niliichora mwenyewe kwenye saruji. Nikangoja aseme. Akasema, "Fundi, hii imesimama." Na mimi nikasema, "Ilete niione."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu baada ya miaka arobaini.

Kesho yake alileta redio. Siku ya tatu, pasi. Ya nne, redio ileile, waya umekatika, na umekatika kwa kisu, mimi si mtoto. Alikuwa ananunua vitu vizima sokoni, anaviharibu kwenye nyumba ya wageni, ananiletea. Siku ya tano akaleta mwavuli. Mimi si fundi wa miavuli, lakini niliushona. Kila siku alikaa kwenye benchi la wateja mpaka adhuhuri. Tulizungumza habari za grisi, na skrubu za siku hizi zilivyo laini. Siku ya sita akaniuliza kama nina watoto. Nikamwambia sikuoa, nilikuwa na mama mgonjwa. Aliokota skrubu iliyoanguka sakafuni akaiweka mezani kwangu. Ya saba kufuli, ya nane taa ya kusomea. Siku zile nilikuwa nafungua duka mapema kuliko kawaida.

Kisha akarudi kwenu. Mwezi uliofuata ikaja barua. Nilidhani ni laana. Ilianza, "Mama mpendwa, nimefurahi kusikia u mzima." Ilikuwa na anwani mpya, ya sanduku la posta. Ikaendelea, "Mwambie mdogo wangu asifungue saa gizani, nasikia macho yake yanachoka." Nilicheka peke yangu, halafu nikavuta karatasi. Nikajibu, "Mwanangu, mdogo wako amesikia." Tukaendelea hivyo miaka ishirini na minane, yeye anajua, mimi najua kwamba anajua. Kurasa zote sasa zilikuwa zangu. Mama ndiye aliyebaki na mstari mmoja.

Hayo ndiyo niliyoyaficha. Ulipouliza, niliona aibu kubwa kuliko hofu ya kufa, nikamtwika kaka mzigo kwa kuwa yeye hawezi tena kujibu. Mwambie shemeji hakuna mwanamke. Maneno yarudishwe kwenye jiwe. Meno usiyatume kama bado una hasira.

Babu yako mdogo


2 Oktoba

Kwa Babu mdogo,

Shikamoo. Sote hatujambo. Meno nimeyatuma kwa kifurushi. Siku tatu za kwanza yazoeze na mkate laini, usijifanye kijana.

Nilimsomea Bibi barua yako yote jikoni, Baba akiwepo. Baba alitoka nje akawasha lori, akalizima, akarudi kukaa. Bibi alitaka nirudie penye mwavuli. Anaukumbuka. Babu alirudi nao, akasema ni zawadi waliyopewa kwenye mafunzo, na Bibi alishangaa ni mafunzo gani yanayotoa mwavuli wenye kiraka. Halafu akaniuliza kwa nini mumewe hakumwambia. Nikasema huenda aliogopa kuchekwa, mtu mzima kumwandikia marehemu.

"Ningemcheka," alisema. "Halafu ningemnunulia stempu."

Picha imerudi ukutani. Mchonga mawe ameambiwa arudishe maneno. Amenuna, na Bibi amemnunia zaidi.

Lakini usijidhani umevuka. Juzi asubuhi Bibi aliniita, pasipoti mkononi, akaniagiza nikuandikie hivi hivi: "Mwambie shemeji yangu mihuri inasema siku tisa. Yeye amehesabu nane, moja moja, na akataja mpaka taa. Mtu anayekumbuka taa hasahau siku nzima. Ya tisa iko wapi? Na asijibu kupitia kwako, wala asiniandikie kama mama wa mtu. Mama yake alikufa. Mume wangu alikufa. Aandike yeye, kwangu mimi. Wewe kazi yako ni kusoma tu."

Nilijaribu kumtuliza nikamwambia huenda siku ya tisa ilikuwa ya safari. Akanionyesha muhuri wa kutoka. Una saa juu yake. Ni wa jioni.

Mjukuu wako


27 Oktoba

Kwa shemeji,

Salamu. Mimi ni mdogo wa mume wako. Hatujawahi kuandikiana, na sijui barua ya namna hii huanza vipi, kwa hiyo naanza na afya. Mimi mzima. Meno yamefika, la chini linabana upande wa kushoto. Natumaini u mzima na unakula bila kubembelezwa.

Siku ya tisa sikuisahau. Nilitaka niende nayo kaburini.

Alikuja saa nne asubuhi, mikono mitupu. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya meza yangu akasema, "Fundi, leo sina kitu kibovu."

Nilikuwa nimefungua saa ya mtu, sikuinua kichwa. Nilijua nikimtazama ataniita mdogo wangu, na akishaniita ataniuliza mama alikufaje. Nitamwambia nini? Mwaka wake wa mwisho mama alikuwa hanijui tena. Aliniita kwa jina la kaka. Alikuwa ananishika mkono akisema, "Umerudi," na mimi niliitikia kwamba nimerudi. Alikufa akiamini kaka yuko pembeni yake na mimi ndiye niliyekwenda mbali. Sikumsahihisha. Hilo sijalisema kwa mtu, hata katika zile barua za uongo.

Basi nikasema, "Leo tunafunga."

Duka letu hufungwa kwa mbao sita, zinapangwa kutokea nje. Ya mwisho haiingii mpaka uinyanyue kidogo na kuipiga goti. Mteja hawezi kulijua hilo. Kaka alitoka, akazichukua mbao ukutani, akazipanga moja moja. Ya sita akainyanyua, akaipiga goti, ikaingia. Yeye alikuwa nje na mimi nimebaki ndani, katika giza la saa nne asubuhi.

Hakuondoka. Nilimsikia akipumua upande wa pili. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ubao ule wa mwisho. Ni ubao mwepesi, unausukuma kwa vidole. Alisema kitu, kwa sauti ya chini. Sikukisikia, shemeji. Mjukuu wako atakuambia sisikii, lakini wakati ule nilikuwa nasikia vizuri. Alipoanza tu, nilikitoa kiganja ubaoni nikaziba masikio.

Niliusukuma adhuhuri. Nje hapakuwa na mtu.

Hiyo ndiyo siku ya tisa. Ukiona pana mahali haikai sawa, niulize tena, nitajibu mwenyewe.

Mdogo wa mume wako